Kisima Namba 5 na Shamba la Jirani: Kisa cha Walkerton

Mtajie mtu wa sekta ya maji jina la Walkerton, atakusimulia habari ya klorini. Atakwambia kuhusu ndugu wawili waliokuwa wakiendesha maji ya mji huo mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada, jinsi walivyojaza daftari kwa namba za kubuni, na jinsi watu 7 walivyokufa mwaka 2000. Yote hayo yalitokea. Lakini kisa hiki kina umri wa miaka 22 zaidi ya hapo, na kilianzia kwenye ardhi iliyopakana na kisima. Huwa kinasimuliwa kuanzia mwisho, kwenye bomba. Hapa nitakianzia shambani.

Mwaka 1978 mji ulitaka maji zaidi. Kikachimbwa kisima kipya ukingoni, upande wa kusini-magharibi, pale nyumba zinapokoma na mashamba kuanza. Kikaitwa Kisima Namba 5. Kwa wingi wa maji kilikuwa hodari. Peke yake kiliweza kutoa zaidi ya nusu ya maji yaliyotumika katika mji ule, ambao kufikia mwaka 2000 ulikuwa na watu wapatao 4,800. Shida yake ilikuwa kina. Kisima kizima kilikuwa na mita 15. Kesingi, lile bomba la chuma linalozuia maji ya juu yasiingie kisimani, iliishia mita 5. Maji yenyewe yalikuwa yakiingia kupitia nyufa za mwamba zilizokuwa kati ya mita 5.5 na mita 7.4. Juu ya mwamba huo, udongo wa eneo lile ulikuwa kama mita mbili na nusu tu. Visima namba 6 na 7, vilivyochimbwa baadaye katika miaka ya 1980, vilipita mita 70 kwenda chini.

Inafaa tutulie kidogo kwenye hizo mita mbili na nusu, maana kisa chote kimekaa hapo. Maji ya ardhini huaminika kuliko ya mto kwa sababu ya safari. Mvua ikinyesha, maji hunywea polepole kupitia udongo, na huko njiani bakteria hunaswa kwenye chembechembe, huliwa na vijidudu vingine, au hufa kwa kukaa muda mrefu nje ya tumbo la mnyama. Udongo wa mfinyanzi ulio mnene huifanya safari hiyo ichukue miaka. Mwamba wenye nyufa hauna chujio la namna hiyo. Maji yakishafika kwenye ufa huteremka kama kwenye mfereji, na kilichokuwa juu ya ardhi asubuhi kinaweza kuwa karibu na pampu kabla juma halijaisha. Kwa hiyo kisima kinachokunywa kutoka kwenye nyufa zilizo mita tano chini, chini ya udongo mwembamba, kwa jina ni cha maji ya ardhini na kwa tabia kinakaribiana na kijito.

Na dalili zilikuwepo tangu siku za majaribio. Pampu ilipowashwa kupima nguvu ya kisima, chemchemi zilizokuwa jirani zilipungua maji. Fundi yeyote anajua maana yake: maji ya chemchemi iliyo wazi juu ya ardhi, ambayo ng'ombe anaweza kuikanyaga, na maji ya kisima kilichofunikwa kwa zege ni maji mamoja. Vipimo vya bakteria vya wakati ule navyo vilionyesha uchafu. Wataalamu waliofanya kazi ile waliandika kwenye ripoti yao kwamba mji ufikirie kununua ardhi iliyopakana na kisima ili iwe eneo la kinga, watu wasiweze kuitumia wapendavyo.

Ardhi haikununuliwa. Wizara ya mazingira ya jimbo iliidhinisha kisima bila kukiwekea sharti lolote la uendeshaji. Kinga pekee iliyobaki ilikuwa klorini.

Tofauti ya ardhi na klorini kwenye jambo hili ni kubwa. Eneo la kinga likishanunuliwa na kuachwa majani, linafanya kazi usiku na mchana bila mtu kuamka. Klorini inahitaji mtu mwangalifu kila siku ya Mungu, pamoja na sikukuu na siku ya mvua, kwa miaka yote kisima kitakapokuwa hai. Uamuzi wa mwaka 1978 ulichukua mzigo uliopaswa kubebwa na ardhi, ukautwika mikononi mwa waendeshaji. Hakuna kikao kilichouliza kama mikono hiyo ingeuweza.

Mkulima ambaye hakukosea

Kwenye visa vya uchafuzi wa maji tunapenda kumtafuta mhalifu, na aghalabu tunamkuta: kiwanda kinachomwaga usiku, mgodi wenye bwawa la sumu linalovuja. Walkerton inatunyima raha hiyo. Jirani na Kisima Namba 5 kulikuwa na shamba la ng'ombe. Mwishoni mwa Aprili 2000 samadi ilitandazwa shambani, kazi ya kawaida kabisa ya majira yale baada ya theluji kuyeyuka. Baadaye tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor iliupitia mwenendo wa mwenye shamba na kusema wazi kwamba alifuata taratibu zinazokubalika za kilimo na hastahili lawama. Vinasaba vya bakteria waliopatikana kwa mifugo na kwenye samadi ya shamba lile vililingana na vya bakteria waliowaletea watu ugonjwa.

Yaani uchafu ulitoka kwake, na kosa halikuwa lake. Yeyote anayepanga kulinda chanzo cha maji inabidi ayashike yote mawili kwa pamoja, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Ukimwendea mkulima kwa kidole cha lawama, atakutolea karatasi kuonyesha kwamba samadi yake ni halali, na atakuwa na haki. Kipimo alichokuwa akifuata kiliuliza kama anailima ardhi yake vizuri. Swali la kama ardhi ile, pale ilipo, inafaa kupokea samadi hata kidogo lilihusu mwamba na kisima, na lilikuwa limeshaulizwa kwenye ripoti ya 1978 iliyolala kwenye faili ambalo si lake.

Mei

Kuanzia tarehe 8 hadi 12 Mei 2000 ilinyesha milimita 134 za mvua ndani ya siku tano, na usiku wa tarehe 12 ndio uliokuwa mzito kuliko zote. Bakteria wa E. coli aina ya O157:H7, pamoja na Campylobacter, walishuka kwenye nyufa na kuingia kisimani. Kisima Namba 5 kilikuwa ndicho kinachoulisha mji siku hizo.

Utaratibu wa jimbo ulitaka maji yakishatiwa klorini na kukaa nayo dakika 15 yawe bado na mabaki ya klorini yasiyopungua miligramu 0.5 kwa lita. Sababu yake ni rahisi. Klorini huliwa na uchafu. Ukitia kiasi kilekile kila siku halafu siku moja mabaki yakashuka hadi sifuri, ujue kuna kitu kimeingia kwenye maji na kimeila dawa yote. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: unakinga maji kwenye kichupa, unatia kitendanishi, unatazama rangi ya waridi imekolea kiasi gani, unaandika namba. Maji yakibaki meupe, unazima pampu.

Kichupa hakikukingwa. Tarehe 13, 14 na 15 Mei mtu alifika kisimani, na daftari likajazwa, lakini mabaki ya klorini hayakupimwa. Namba zilizoandikwa zilikuwa zilezile zilizozoeleka kwa miaka, 0.5 au 0.75, siku baada ya siku. Ukiwahi kuona daftari la vipimo halisi utajua kwamba maji hayana nidhamu ya namna hiyo, leo 0.62, kesho 0.48, keshokutwa 0.7. Daftari lenye namba mbili tu mwaka mzima linajisema lenyewe, na kwa miaka lilikuwa mahali ambapo mkaguzi yeyote angeweza kulifungua. Wakaguzi wa wizara walifika Walkerton mara kadhaa katika miaka ya 1990.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Sampuli za tarehe 15 zilipelekwa maabara ya binafsi, kwa kuwa tangu 1996 maabara za serikali ya jimbo zilikuwa zimeacha kupima maji ya miji. Tarehe 17 majibu yakaja kwa meneja wa maji, mmoja wa wale ndugu wawili: kuna E. coli. Maabara haikumwarifu mtu mwingine, na sheria haikuilazimisha. Meneja naye akanyamaza. Tarehe 19, ofisi ya afya ya wilaya ikiwa imeshasikia habari za watoto wanaoharisha damu, ilimpigia simu kuulizia maji. Ikajibiwa kwamba maji ni salama. Ikapiga tena tarehe 20, jibu likawa lilelile. Mchana wa tarehe 21 ofisi ya afya iliamua kutosubiri na kutangaza watu wachemshe maji. Kesho yake mgonjwa wa kwanza akafariki.

Waliougua walizidi 2,300, karibu nusu ya mji. Watu 65 walilazwa, na 27 kati yao, wengi wao watoto wadogo, walipata ule ugonjwa wa damu na figo ambao sumu ya bakteria huyu huuleta. Wapo watoto waliobaki na figo dhaifu baada ya hapo. Mwaka 2004 ndugu wale wawili walihukumiwa: mmoja mwaka mmoja jela, mwingine miezi tisa ya kifungo cha nyumbani.

Kuna jambo moja huchanganywa sana kwenye masimulizi. Mwanzoni mwa Mei hiyohiyo, Kisima Namba 7 kiliendeshwa kwa siku kadhaa bila klorini yoyote, kwa sababu kifaa chake kilikuwa hakijafungwa. Wengi hudhani huko ndiko ugonjwa ulikotoka. Sivyo. Kisima kirefu kisicho na dawa hakikuleta mauti; kilicholeta ni kisima kifupi ambacho kilikuwa na dawa, ila dawa yenyewe ilikuwa haba mbele ya uchafu ulioshuka. Kama kuna sentensi moja ya kumpelekea mtu anayesema ulinzi wa chanzo ni anasa maadamu tuna klorini, ningemtumia hiyo.

Tume ilisema nini, na pale ninapoyumba

O'Connor alitoa sehemu ya kwanza ya ripoti Januari 2002 na ya pili Mei 2002. Sitaificha sehemu inayopingana na hoja yangu: tume ilikuta kwamba kama Kisima Namba 5 kingefungwa vipima-klorini na vipima-tope vinavyofanya kazi mfululizo, pampu ingezimwa na mlipuko wa ugonjwa usingetokea. Hata kipimo cha mkono cha kila siku kingepunguza madhara kwa kiasi kikubwa. Mtu anaweza kusoma hapo akasema, basi, tatizo lilikuwa kifaa, ardhi iacheni.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kifaa kingezima pampu, naam. Lakini kisima kinachozimika kila mvua kubwa inaponyesha kinauacha mji bila nusu ya maji yake, na mwendeshaji aliyechoshwa na king'ora atatafuta namna ya kukinyamazisha. Tena kifaa hicho hakikufungwa kwa sababu ileile ya ardhi: wizara haikuwahi kukirudia Kisima Namba 5 na kukiweka kwenye orodha ya visima vinavyoathiriwa moja kwa moja na maji ya juu, ingawa kuanzia 1994 miongozo ilidai visima vya aina hiyo viwe na vipimo vya mfululizo. Hakuna aliyerudi kuisoma ripoti ya 1978. Mtu asiyejua ardhi iliyozunguka kisima chake hawezi kujua ni kifaa gani anakihitaji. O'Connor mwenyewe, alipopanga kinga za maji kwenye sehemu ya pili, aliutanguliza ulinzi wa chanzo kabla ya kusafisha, kabla ya mabomba na kabla ya vipimo.

Mstari unaochorwa kwa muda

Matunda makubwa ya ripoti ile yalikuja mwaka 2006, Ontario ilipopitisha Sheria ya Maji Safi. Kila eneo la bonde la mto lilitakiwa kuunda kamati yenye wakulima, wafanyabiashara, halmashauri na wananchi wa kawaida, ichore ramani ya vyanzo vya maji vya miji na kuandika mpango wa kuvilinda.

Ninachokipenda kwenye sheria hii ni namna mstari unavyochorwa. Kanda ya kwanza ni duara la mita 100 kuzunguka kisima, hiyo haina mjadala. Baada ya hapo umbali unawekwa kando, na kinachohesabiwa ni muda wa safari ya maji chini ya ardhi: miaka 2, miaka 5, miaka 25. Maji yaliyo ndani ya mstari wa miaka 2 yatafika kwenye pampu kabla ya miaka 2 kupita. Kwa samadi na vyoo, kanda mbili za ndani ndizo zinazotisha, kwa kuwa vijidudu havidumu muda mrefu. Viyeyushi vya viwandani vinavyozama chini ya maji na kukaa humo bila kuoza vinaangaliwa hadi mstari wa miaka 5. Kwa hiyo tone la dizeli, lundo la samadi na pipa la kiyeyushi havipewi mpaka mmoja, na mkulima aliye nje ya miaka 2 haombwi afanye kilekile anachoombwa jirani yake aliye ndani. Kwa visima vya aina ya Namba 5, vinavyoathiriwa na maji ya juu, kuna kanda ya ziada inayohesabu saa 2 za mtiririko juu ya ardhi.

Kisha kuna ofisa wa udhibiti wa hatari. Kazi yake ni kwenda kwa mwenye ardhi aliye ndani ya mstari, kukaa naye na kuandikiana mpango: samadi ihifadhiwe wapi, itandazwe lini, mafuta yawekwe kwenye tangi la aina gani. Wasipoelewana, sheria inampa ofisa nguvu ya kuuweka mpango kwa amri; na zipo shughuli ambazo mpango wa eneo unaweza kuzipiga marufuku kabisa karibu na kisima. Mazungumzo yanatangulia, lakini pande zote zinajua kuna amri nyuma ya pazia. Mwaka 1978 wataalamu walikuwa na ushauri tu. Mji ulitakiwa ununue ardhi kwa hiari yake na kwa fedha zake, la sivyo basi.

Udhaifu upo, na mmoja ni wa kuchekesha kidogo kwa mahali kisa kilipotokea. Muda wa safari hukokotolewa kwa modeli za kompyuta, na modeli za kawaida huuona mwamba kama sifongo ambamo maji hupenya sawasawa. Watafiti waliomwaga rangi ya kufuatilia kwenye maji ya ardhini ya Walkerton waliiona ikisafiri mamia ya mita kwa siku, kasi iliyoiacha modeli mbali sana nyuma. Kwenye mwamba wenye nyufa, mstari wa miaka 2 unaweza kuwa wa majuma. Mimi ningependa kila ramani ya namna hii iandikwe pembeni jina la mwamba, ili msomaji ajue auamini mstari kiasi gani.

Udhaifu wa pili haurekebishwi kwa modeli. Sheria ilitungwa kwa ajili ya visima vya manispaa. Kisima Namba 5 chenyewe kilishatolewa kazini. Ila mashambani Ontario kuna kaya nyingi zinazokunywa visima vyao wenyewe, na hizo kwa kawaida ziko nje ya mipango. Kaya kama hiyo yaweza kuwa juu ya mwamba uleule, chini ya udongo uleule mwembamba, na samadi ya jirani ikatandazwa Aprili kihalali kabisa. Haina ramani wala ofisa wa kuizungumzia. Ina kesingi yake, iliyoishia pale alipoona fundi panatosha siku ile alipokuwa akichimba.